Kabla Ndege Haijakatwa: Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Kenya

Kwa Mwenyekiti na wanachama wa Bodi, Mkurugenzi Mkuu, mameneja wa viwanja na kila askari anayelinda lango,

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Port Reitz, Mombasa, ambako ndege inayokwenda kutua katika Uwanja wa Moi hupita chini kiasi cha mtu kuhesabu magurudumu yake. Nimezaliwa na kukulia chini ya sauti hiyo. Marehemu baba alikuwa mpakia mizigo, kwanza Embakasi, Nairobi, kisha hapa Mombasa. Aliniachia urithi wa vitu viwili: sikio la kuijua ndege kabla haijaonekana, na daftari la jalada gumu alilolipiga mistari kwa rula. Daftari hilo lina safu nne. Ya kwanza ni tarehe. Ya pili ni namba ya usajili. Ya tatu ni ilikotoka. Ya nne, aliyoiandika kichwa chake kwa wino mwekundu, inasema “Ilikoishia”. Safu tatu za mwanzo zimejaa mpaka ukurasa wa mwisho. Ya nne ina mapengo mengi, na mapengo hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Ninalowaomba nalisema mapema, msije mkalitafuta chini ya maneno mengi. Tupeni mahali, mtakapopachagua wenyewe, pa kutazamia ndege na kuzipiga picha bila kujificha. Na ndege iliyotelekezwa isikatwe vipande kabla habari zake hazijaandikwa. Mtaona mbele kwamba maombi haya mawili chimbuko lake ni moja.

Kwanza niwaeleze sisi ni watu gani, maana wengi hutuona kwa mbali na kutudhania mengine. Kiswahili kimeviita kwa jina moja kiumbe mwenye manyoya na chombo chenye injini: vyote ni ndege. Tunavitofautisha kwa upatanisho tu, ndege huyu na ndege hii. Mtu akiingia msitu wa Arabuko-Sokoke na darubini shingoni kumtafuta bundi mdogo anayepatikana katika misitu michache tu ya pwani hii, tunampokea kama mgeni, tunampa kiongozi wa msituni, tunamshukuru kwa kuja. Mtu huyohuyo akisimama na darubini ileile nje ya uzio wa uwanja kuitafuta ndege ya aina nyingine, anaulizwa ametumwa na nani. Mapenzi yenyewe hayana tofauti. Wote wawili wana subira, wote wana daftari, na wote hurudi nyumbani wamefurahi kwa kuona kitu ambacho jirani zao hawakukitilia maanani.

Mtazamaji ndege husoma. Herufi zilizoandikwa ubavuni mwa ndege ni kama kabila na ukoo: 5Y ni ya Kenya, 5H ya Tanzania, 5X ya Uganda, 9XR ya Rwanda, 9Q ya Kongo, ET ya Ethiopia. Kabla ya uhuru, ndege za Kenya ziliandikwa VP-K, na baba alikuwa akisema zile zilikuwa herufi za kukodi, hizi ndizo zetu. Usajili hubadilika ndege inapouzwa, lakini namba iliyogongwa kiwandani haibadiliki mpaka chombo kinakufa. Anayezijua namba hizo mbili anaweza kuifuata ndege moja kutoka kwa mwenyewe wa kwanza hadi wa mwisho, katika mabara matatu, kama mzee anayehesabu nasaba.

Mtazamaji hujifunza na mambo ya hewa pia. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, mabawa hayapati cha kushika upesi, na ndege hukimbia sana kabla ya kunyanyuka. Ndiyo maana barabara yake ya kurukia inapita mita 4,000, na hapa kwetu, karibu na bahari, mita 3,350 zinatutosha. Lakini jua la saa nane mchana nalo huipunguzia hewa uzito. Anayesimama Port Reitz kila siku huliona hilo kwa macho: ndege iliyoacha ardhi mapema saa moja asubuhi, mchana wa kaskazi hukawia. Mwanangu alilielewa somo hilo la fizikia kando ya barabara kabla mwalimu wake hajalifikia darasani.

Wala tunaloliomba si geni katika nchi hii. Wakubwa wetu wanaikumbuka roshani ya kupungia mikono pale Nairobi. Familia zilikuja zimevaa nguo za Idi au za Jumapili kumsindikiza kijana aendaye masomoni, na ndege ilipoanza kusogea, roshani nzima iliinua mikono. Baba aliniambia kwamba hata wapakia mizigo walipomaliza zamu walipanda huko juu kutazama walichokipakia kikiondoka. Kwa watoto wengi wa wakati ule, roshani hiyo ilikuwa darasa la kwanza la urubani. Kisha ulinzi ukakazwa, na mlango ukafungwa.

Najua kwa nini ulifungwa, na siandiki kana kwamba sijui. Sisi wa Mombasa tunayo sababu ya kujua kuliko wengine. Alhamisi ya tarehe 28 Novemba 2002, tukiwa katika mwezi wa Ramadhani, Boeing 757 ya shirika la Arkia la Israeli iliondoka Uwanja wa Moi kuelekea Tel Aviv ikiwa na watu zaidi ya 260. Haijapanda sana, makombora mawili ya kufyatuliwa begani yakarushwa kutoka nje ya uwanja. Yote mawili yalikosa. Asubuhi hiyohiyo, hoteli ya Paradise kule Kikambala ililipuliwa, na miongoni mwa waliouawa walikuwa wachezaji wa ngoma za Kigiriama waliokuja kuwakaribisha wageni. Waliorusha makombora yale walikuwa wamesimama mtaani petu, chini ya anga tunayoitazama sisi. Tangu siku hiyo, mtu aliyeinua uso kuitazama ndege inayoondoka alijikuta akitazamwa na yeye.

Kwa hiyo sitawaambia kwamba hofu yenu haina msingi. Msingi wake naujua, naweza kuutembelea kwa miguu. Ninachowaomba mfikirie ni hiki: watu wale hawakuja na daftari, hawakujiandikisha popote, hawakusimama mahali palepale wiki baada ya wiki mpaka muuza madafu akawajua majina. Anayetaka kudhuru hupatafuta pasipo na macho. Kuwaondoa wenye mazoea ya kutazama ni kumwachia yeye sehemu tupu.

Macho ya nje ya uzio yamewahi kusaidia. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria aina ya ATR 42 ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, waliowahi kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Walikuwa watu 43 ndani yake. 19 walipoteza maisha, 24 wakaokoka. Wavuvi wale hawakuwa na mafunzo wala sare. Walikuwepo tu, wakaona, wakaenda. Kule Ottawa, Kanada, watazamaji ndege wamejiunga kuwa kundi la hiari linaloshirikiana na uwanja wao: huzunguka kando ya uzio, na wakiona tundu kwenye waya au gari lisilo na sababu ya kuwa pale, huwapigia simu wahusika. Askari wenu wangapi wanaweza kutofautisha, kwa kutazama tu, moshi wa kawaida wa injini inayowashwa na moshi wa injini yenye hitilafu? Watoto wa Magongo na Port Reitz wanaoweza hilo ninawajua kwa majina.

Nchi nyingine zimepita njia hii kabla yetu. Novemba 2001, karibu na Kalamata, kusini mwa Ugiriki, polisi waliwakamata watazamaji 14, Waingereza 12 na Waholanzi wawili, waliokuwa wakiandika namba za ndege kwenye kambi ya jeshi la anga. Walikaa rumande majuma kadhaa. Aprili 2002 walitiwa hatiani katika kesi ya ujasusi. Novemba mwaka huohuo mahakama ya rufaa iliwaachia huru wote. Mwaka mzima wa aibu na gharama ulipita kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumweleza askari wa zamu kwamba mambo haya yapo na yana watu wake. Mfano wa upande wa pili ni Manchester, Uingereza. Uwanja wenyewe umetenga bustani ya wageni kando ya barabara ya kurukia. Umejenga vituta ili watoto waone juu ya uzio, na Concorde iliyostaafu imehifadhiwa pale pale. Wanaotazama wanajulikana walipo, na walinzi wanaweza kuelekeza macho yao kwingineko.

Sasa nije kwenye ndege zisizoruka tena, ambazo ndizo zinazonikosesha usingizi.

Katika daftari la baba kuna mstari mmoja wa Embakasi: 5H-MOG. Hiyo ilikuwa Super VC10 ya East African Airways, shirika lililoanzishwa 1946 likawa la Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Shirika lilinunua Super VC10 tano. Moja iliangamia Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, ilipokuwa ikijaribu kuondoka, na watu 43 wakafa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, shirika nalo likafa, na ndege nne zilizobaki zikarudi Uingereza. Baba hakujua zilikoishia. Aliacha nafasi.

Nafasi hiyo nimeijaza mimi. Zote nne zilinunuliwa na jeshi la anga la Uingereza, zikageuzwa kuwa ndege za kuzijazia ndege nyingine mafuta angani. 5H-MOG ilipewa namba ZA150. Kumbe ilikuwa VC10 ya mwisho kabisa kutoka kiwandani, kati ya 54 zilizotengenezwa. Iliruka hadi Septemba 2013, na leo imehifadhiwa Dunsfold, kusini mwa Uingereza. Watu wa kujitolea wanaitunza kwa mikono yao, na namba yake ya zamani wanaijua. Nilipoandika neno “Dunsfold” kwenye safu ya wino mwekundu, nilifurahi, kisha nikakaa kimya muda mrefu. Mtoto wa Kenya, wa Uganda au wa Tanzania anayetaka kuigusa ndege iliyobeba jina la Afrika Mashariki mpaka London, itambidi aombe viza.

Nenda sasa Wilson, Nairobi. Uwanja ule umeitwa kwa jina la Florence Kerr Wilson, mjane aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929. Tangu hapo karibu kila jambo la usafiri wa anga wa kanda hii limepita kwenye nyasi zake: madaktari wa ndege walioanza kazi 1957, watalii wa Mara, magunia ya miraa yanayowahi Mogadishu kabla majani hayajanyauka, dawa na chakula kwa sehemu zisizo na barabara. Ukipita ukazitazama ndege zilizo pale, utaona za aina mbili. Kuna zinazong'aa, zinazotoka na kurudi mara kadhaa kwa siku. Na kuna zilizosukumwa pembeni, tairi zimelala, madirisha yamekuwa meupe kwa jua kama jicho lenye mtoto wa jicho.

Ndege haitelekezwi siku moja. Huanza kwa kukosa kipuri kimoja. Mwenyewe anasubiri fedha, na inaposubiri, ndege nyingine ya kampuni ileile inaharibika, basi injini inaazimwa hapa kupelekwa kule. Kesho redio, keshokutwa tairi. Ukaguzi mkubwa ukifika gharama yake inapita thamani ya ndege yenyewe. Ada ya maegesho haisimami, inazidi kupanda. Kampuni inafilisika, wabia wanapelekana mahakamani, au mwenyewe anafariki na warithi hawataki deni. Hapa pwani kuna chumvi pia: upepo wa kusi huileta, nayo hula alumini polepole kwenye maungio, mahali rangi ilipopasuka. Miaka kumi ikipita, kilichobaki ni umbo.

Fundi mmoja mstaafu, rafiki wa baba, aliwahi kuniombea ruhusa nikaingia naye kuona ndege ya namna hiyo kwa karibu. Ilikuwa Cessna ya injini mbili, na injini zote mbili zilikuwa zimeshang'olewa. Nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo kwenye tundu la mrija unaopimia mwendo wa hewa. Nyasi zilikuwa zimepenya kupitia tundu la gurudumu la mbele na kutokeza ndani, miguuni pa rubani. Mzee alitoa kitambaa, akatemea mate kidogo, akafuta ubavuni, na chini ya herufi za 5Y zilizofifia zikatokea polepole herufi nyingine za nchi nyingine. “Huyu alikuwa na jina la kwao,” akasema. Nikaona kwamba ameiita ndege huyu, si hii. Kisha akafungua mlango, akanionyesha kibati kidogo chenye namba ya kiwandani, akaniamuru niandike. Kwenye mfuko wa kiti cha nyuma palikuwa na kadi ya maelekezo ya dharura, imeliwa na mchwa nusu, na mkanda wa kiti kimoja ulikuwa umeshonwa kwa mkono kwa uzi wa rangi tofauti. Mtu fulani, mahali fulani pasipo na fundi, alikaa akaushona mkanda ule ili abiria wake wawe salama. Hakuna kitabu kinachomtaja.

Kisha kuna Lokichoggio, Turkana, karibu na mpaka wa Sudan Kusini. Kuanzia 1989, operesheni kubwa ya misaada ya Umoja wa Mataifa kwa Sudan iliufanya uwanja ule wa jangwani uwe na pilikapilika kubwa mno. Ndege za Hercules na Buffalo ziliondoka zimejaa nafaka, zikaenda kuzidondosha kwa watu wasiofikika. Mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi Januari 2005 ulibadilisha yote: mashirika yakahamia Juba, na Lokichoggio ikabaki na ukimya, mabohari matupu na mabaki ya ndege zisizorudi kwao. Vijana wa Turkana wanaokua leo wanaona bati tu. Hawajaambiwa kwamba kutoka kwenye ardhi yao maelfu kwa maelfu ya watu walilishwa.

Mamlaka yenu imekuwa ikitoa notisi kwa wenye ndege zilizotelekezwa: njooni mlipe mchukue chombo chenu, la sivyo kitauzwa. Sipingi hatua hiyo. Uwanja si makaburi. Ndege iliyooza hukusanya maji ya mbu na panya wa kutafuna nyaya, hukalia maegesho ambayo ndege nzima ingeyalipia, na karatasi la bati likipeperushwa na upepo kwenye barabara ya kurukia linaweza kuua watu. Sina ugomvi hata na alumini ile kuyeyushwa ikawa sufuria. Chuma chakavu kinalisha watoto wa watu wengi wa jua kali. Ninachoomba kinahusu saa zinazotangulia msumeno.

Nitawasimulia yaliyonipata ili mjue naumia wapi. Miaka kadhaa iliyopita, katika uwanja mmoja wa ukanda huu wetu ambao sitautaja, niliona DC-3 imesimama nyuma ya bohari. Aina hiyo iliruka mara ya kwanza Desemba 1935, na ndiyo iliyozifungulia nchi zetu miji ya ndani. Hii ilikuwa imekaa kwa mkia, pua juu, kama mzee anayesikiliza. Nilikuwa upande wa barabara ya umma, nje ya waya. Nilipiga picha 31. Herufi za ubavuni zilisomeka, na chini yake palikuwa na kivuli cha rangi ya shirika la zamani ambalo sikulitambua. Nikajiambia nitalichunguza nyumbani. Askari akaja. Alikuwa kijana mpole, wala hakunigusa. Aliniambia picha haziruhusiwi. Nikamwuliza ni sheria gani, akasema hata yeye hajaonyeshwa, ameambiwa tu. Tulisimama pamoja juani, akazifuta moja moja kwa kidole gumba. Alipomaliza akaniomba nimwonyeshe pipa la takataka la simu, zilikojificha picha zilizofutwa. Nikamwonyesha. Akalimwaga nalo.

Nilirudi mwaka uliofuata na barua ya maombi, imepigwa chapa, yenye nakala za kitambulisho. DC-3 haikuwepo. Palikuwa na alama za kuburutwa kwenye mchanga, na vumbi la alumini likimetameta kwenye nyasi mahali bawa lilipokatiwa. Niliuliza kama kuna aliyeandika namba yake kabla ya kuikata. Hakuna aliyejua. Kwenye daftari nilikuwa nimenakili herufi mbili za mwisho tu, kwa haraka, askari alipokuwa akikaribia. Ndege ilikatwa, picha zilikuwa zimeshafutwa, na mimi nimebaki na herufi mbili.

Hapo ndipo maombi yangu mawili yanapokutana. Nchi isiyo na mahali pa kuhifadhia kila ndege kuukuu, na hakuna nchi yenye mahali hapo, inaweza angalau kuhifadhi habari zake. Wanaoweza kuziandika bila malipo ni haohao wanaofukuzwa kwenye uzio.

Basi, waheshimiwa, nawaomba haya.

Kwanza, tengeni sehemu ya kutazamia ndege katika Uwanja wa Moi iwe ya majaribio, kisha Jomo Kenyatta na Wilson. Isiwe ya anasa: kivuli cha makuti, viti vya saruji, kibao chenye picha za ndege zinazotua pale. Mtu aache kitambulisho langoni, alipe kiingilio kidogo, akaguliwe kama abiria anavyokaguliwa. Shule zije kwa siku zao. Mahali pale pawe mbali na kila mnalotaka kulificha. Uchaguzi ni wenu.

Pili, andikeni sheria ya picha kwa Kiswahili na Kiingereza, ibandikwe mahali panaposomeka: kipi kinaruhusiwa, kipi hakiruhusiwi na kwa nini. Sehemu za ukaguzi, vyombo vya jeshi na ndege za viongozi, hayo tunayaelewa na tutayaheshimu. Mfundisheni sheria hiyo kila askari, kwa sababu askari asiyejua mpaka wa amri yake hutiwa hofu na kila kamera. Na simu ya mwananchi isifutwe kitu ila kwa utaratibu uliowekwa na sheria.

Tatu, mkitaka, tuandikisheni. Tupeni beji, namba ya simu ya kuripotia, na siku moja kwa mwaka ya mafunzo. Tutafanya kazi hiyo bila mshahara. Wengi wetu tungeifanya hata kama mngetutoza.

Nne, mnapotoa notisi ya kuuza ndege iliyotelekezwa, ongezeni kipengele kimoja: kabla ya kukatwa, ndege ipigwe picha pande zote, namba yake ya kiwandani iandikwe, vitabu vyake vya safari vikiwepo vipelekwe katika hifadhi ya nyaraka za kitaifa, na marubani na mafundi waliowahi kuihudumia watafutwe waseme wanachokikumbuka. Wazee hao nao wanapungua. Rafiki wa baba aliyenionyesha kile kibati tulimzika mwaka jana.

Tano, chache, chache sana, zisikatwe. Moja ipewe chuo cha ufundi, wanafunzi wafungue na kufunga skrubu zake mpaka vidole vizoee. Moja ipelekwe kwa Makavazi ya Kitaifa. Moja ibaki Lokichoggio palepale, ioshwe, iwekewe kibao cha Kiturkana, Kiswahili na Kiingereza kinachoeleza kilichofanyika pale. Majirani zetu wa Entebbe wameonyesha njia: pale Aero Beach, kwenye ufuko wa ziwa, ndege zilizomaliza safari zimewekwa watu wazione, na watoto huzipanda wakashika usukani. Ndege ileile iliyokuwa mzigo kwa uwanja imegeuka kivutio ambacho watu hulipa kukiona.

Najua mna mambo mazito zaidi ya haya: paa zinazovuja, barabara za kurukia zinazohitaji lami, abiria wanaolalamika. Ninaloomba halihitaji mkopo wa kimataifa. Linahitaji mtu mmoja ofisini kwenu aamue kwamba anayezipenda ndege si adui wa uwanja, kisha atie saini.

Mwanangu sasa ana miaka 13. Jumamosi hukaa juu ya ngazi za nyumba na daftari jipya, amelipiga mistari kwa rula kama la babu yake, safu nne, ya mwisho kwa wino mwekundu. Huandika za Kenya Airways, za Jambojet, za Ethiopian, na ndogo za mbugani zinazopita chini kama mbayuwayu. Ndege hizo zote siku moja zitachoka. Nyingine zitasimamishwa pembeni mwa uwanja wenu, tairi zikalala, nyigu wakajenga. Siku hiyo atakuja langoni kwenu, kitambulisho mkononi, kuuliza namba fulani iliishia wapi. Namwombea, na ninawaomba, akute mtu wa kumjibu. Kwenye daftari langu, mstari wenye herufi mbili bado uko wazi.

Wenu katika heshima na matumaini,

Mtazamaji ndege, mwana wa mpakia mizigo,
Port Reitz, Mombasa